Unaposti kila siku na hawanunui: dalili na sababu zake

Mwenye duka wa Mombasa akikuambia "huu mtandao haunifanyii kazi", mwulize amejuaje. Mara nyingi atakuonyesha laiki. Halafu atakuuliza tangazo la Facebook ni pesa ngapi, kwa sababu jirani yake alilipia na duka likajaa. Mimi huwa nasema toa simu kwanza, pesa baadaye. Mteja wa mtandaoni anakuona, anauliza, analipa, kisha Mungu akijaalia anarudi. Tangazo linasaidia kwenye kuonekana tu. Kama watu tayari wanakuona na wanakuuliza halafu wanapotea, ukilipia tangazo utakuwa umenunua watu wengine wa kupotea.

Kwa hivyo hesabu. Fungua WhatsApp na inboksi za Instagram na Facebook, rudi nyuma mwezi mmoja, uhesabu waliouliza na waliolipa. Kwa kila aliyeuliza asilipe, tazama ujumbe wa mwisho ulikuwa upi na ulitoka kwa nani. Kazi hii inachosha, na wengine hununa wakiona majibu yao wenyewe, lakini hakuna njia nyingine ya kujua ugonjwa uko wapi. Kama huna hata magumzo ya kuhesabu, ruka sehemu inayofuata. Shida yako iko kwenye kuonekana.

"Wanauliza bei, kisha kimya"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na karibu kila mara mwenye duka ameshaamua kwamba sababu ni bei. Soma gumzo kama hili, la duka la madera:

Mteja, saa tatu asubuhi: "Asalaam aleikum. Hili dera la zambarau bado lipo? Pesa ngapi?"
Duka, saa nane mchana: "Lipo."
Mteja: "Pesa ngapi? Na mwaleta Mtwapa?"
Duka, saa moja usiku: "1200. Twaleta."

Basi, hapo pamekwisha. Mama huyu hakukimbia bei; bei yenyewe aliipata usiku, na ilimbidi aiulize mara mbili. Salamu yake haikujibiwa. Na "twaleta" haikumwambia kuleta ni shilingi ngapi wala lini. Kufikia saa moja usiku ameshanunua Mtwapa kwenyewe, pengine kwa bei ya juu zaidi.

Sababu ya kwanza, basi, ni bei iliyofichwa. Wanaoandika "bei njoo inboksi" huniambia wanaogopa washindani. Mshindani anayetaka bei yako atamwambia mpwa wake akuandikie, na ataipata kabla hujamaliza chai. Anayeumia ni mnunuzi wa kweli, hasa yule mwenye haya ya kuuliza bei kisha kusema hana. Andika bei kwenye posti. Kama kazi yako haina bei moja, mfano biriani ya shughuli, andika inaanzia ngapi na kinachoipandisha ni nini: idadi ya watu, nyama au kuku, sinia zako au zao. Mtu akijua hayo atajipima mwenyewe kabla ya kukuandikia, na atakayekuandikia atakuwa ameshajua anachotaka.

Sababu ya pili ni kuchelewa, na dawa yake haina gharama. Programu ya WhatsApp Business ina majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja, kisha unaliita kwa alama ya mkwaju na neno fupi. Tengeneza ya bei na saizi, ya mahali mlipo, ya usafirishaji na ya malipo. Ina pia ujumbe wa kukaribisha unaojituma wenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza. Wengi huuacha kama walivyoukuta, kwa Kiingereza cha ofisini. Mteja wa hapa amekuja na salamu, anajibiwa kama amepiga simu benki. Ubadilishe: "Waaleikum salaam, karibu. Tuko dukani saa tatu hadi saa kumi na mbili jioni. Tuandikie saizi na mtaa ulipo, tukupe bei pamoja na ya kuletewa." Hata mteja asiye Mwislamu hatakasirikia karibu.

Usafirishaji ni jambo la tatu, na Mombasa ina jiografia yake. Mtu wa Likoni anakiona kisiwa kwa macho, lakini mwenye boda atakuambia habari ya kungoja feri na bei itapanda. Andika bei ya kila upande: kisiwani, Nyali hadi Bamburi, Shanzu na Mtwapa, Changamwe hadi Miritini, Likoni peke yake. Mzigo wa Kilifi, Malindi au Ukunda huenda kwa matatu, kwa hivyo sema wazi nani analipa, na ukishaupakia mtumie mteja picha ya mzigo, namba ya gari na simu ya anayeubeba. Maduka yanayofanya hivyo huwa hayaulizwi tena "nitaaminije".

Halafu kuna malipo, na hapa pana kosa dogo linaloua mauzo bila mtu kuliona. Mteja anaandika namba ya tili, ile ya kulipia dukani, kwenye M-Pesa, na kabla hajamaliza, simu inamwonyesha jina la atakayepokea. Ukurasa wako unaitwa kwa jina zuri la mavazi, jina linalotokea ni la duka la vipuri alilokuwa nalo mumeo kabla hamjaanza nguo. Mteja anasimama. Amesikia habari za matapeli wa Instagram tangu juzi. Anafuta, wala hakuulizi. Jitumie shilingi kumi kwenye tili yako kutoka simu nyingine uone jina gani linatokea. Kama ni tofauti, omba libadilishwe, na kwa sasa liandike kwenye jibu la malipo: "Jina litakalotokea ni fulani, ndiyo sisi." Na upande wako, usitoe mzigo kwa picha ya ujumbe wa M-Pesa aliyokutumia mteja. Picha huhaririwa. Angalia salio lako.

Na picha za bidhaa? Dera lililopigwa picha na msambazaji wa Dubai likavaliwa na mwanamitindo haliuziki kama lililotundikwa mlangoni mwako kwenye mwanga wa asubuhi, pindo limegeuzwa ili mteja auone upande wa ndani wa kitambaa. Jibu maswali yake papo hapo chini ya picha: kitambaa gani, lachuja au halichuji, lamtosha mtu wa kimo gani. Kwa leso ni zaidi, kwa sababu leso ina pindo, mji wa katikati na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na muuzaji anaipiga picha ikiwa imekunjwa, jina halisomeki. Mtu hanunui leso ya kumpelekea wifi yake kabla ya kujua imeandikwa nini.

"Laiki ninazo, wafuasi ninao, wateja sina"

Ingia kwenye takwimu za ukurasa wako utazame wafuasi wanatoka miji gani. Ukikuta Lagos na Dhaka mbele ya Mombasa, wafuasi hao walinunuliwa, na wote ni wa kukuharibia: posti yako inaonyeshwa kwanza kwa wachache kati yao, hawaigusi, nayo mitambo inachukulia kwamba haina maana. Hakuna ujanja wa kuwafufua. Ni afadhali ufungue ukurasa mpya wenye watu mia wa Majengo na Kisauni.

Kama wafuasi ni wa hapa hapa, angalia wanalaiki nini. Muuza halwa anayeweka vichekesho vya asubuhi na dua za Ijumaa atapata laiki za vichekesho na amina nyingi. Si vibaya, ila hakuna aliyejua Ijumaa hiyo kwamba halwa ipo, kilo ni ngapi na inapikwa saa ngapi. Wengine wamejaza wafuasi kwa zawadi za "tag marafiki watatu": wale walikuja kushinda sinia, wakashindwa, wakabaki wamelala.

Facebook ina lake zaidi. Januari 2018 ilitangaza kwamba itatanguliza posti za marafiki na jamaa mbele ya zile za kurasa za biashara, na tangu hapo ukurasa unaosema peke yake huonwa na wachache. Kinachofika mbali ni mtu wa kawaida akiandika kwa mkono wake kwamba mahamri ya kwa fulani bado ni yale yale. Kwa hivyo mwombe mteja aliyeridhika aposti yeye, akutaje. Wazee walisema chema chajiuza. Mtandaoni chema hujiuza baada ya mtu kukisemea.

"Status yangu inaonwa na walewale"

Hapa sababu ni moja. Kwenye WhatsApp, status yako haionwi na mtu mpaka nyote wawili mmehifadhiana namba. Orodha ya matangazo (broadcast list) nayo, ambayo huingiza watu 256 kwa kila moja, huwafikia tu wale waliohifadhi namba yako. Wewe umehifadhi wateja mia tatu. Wangapi wamekuhifadhi wewe? Mteja anapolipa ndio wakati wa kumwambia: "Tuhifadhi uwe unaona mzigo mpya kwenye status." Andika hivyo pia kwenye karatasi ya kufungia.

Kinachofanywa badala yake ni kuwatia watu kwenye kundi bila kuwauliza. Wanajitoa, wengine wanakuzuia kabisa, na ukizuiwa na wengi WhatsApp inaweza kuifunga namba. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka mtu awe amekubali kabla hujatumia taarifa zake kibiashara. Sheria hiyo inagusa na picha: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwa hivyo yule bibi harusi uliyempaka hina, mikono yake mizuri isiende Instagram kabla hajasema ndiyo kwa maandishi. Kwenye gumzo inatosha.

"Nina blogu lakini Google hainijui"

Kwanza hakikisha haikujui kweli. Kwenye Google andika site: kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikija kurasa zako, unajulikana ila uko mbali nyuma. Kisipokuja chochote, mlango umefungwa, na mara nyingi umefungwa na wewe au aliyekutengenezea. WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji, ina kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji. Mafundi hukiweka alama wakati wa kujenga, wakasahau kukitoa. Kitoe, kisha uisajili tovuti kwenye Google Search Console na upeleke ramani yake (sitemap, yaani orodha ya kurasa zake). Usitegemee kuonekana kesho yake.

Kama kurasa zipo lakini hazileti mtu, soma ulichoandika. "Karibuni kwenye blogu yetu mpya." "Tunatoa huduma bora kwa bei nafuu." Hakuna binadamu aliyewahi kuandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Chukua nyumba ya wageni ya Bamburi, nyuma ya ufuo wa Pirates. Tangu 2017 treni ya SGR inawashusha wageni wa Nairobi Miritini, nje kabisa ya kisiwa, na wengi wao ni mara ya kwanza. Wanachotaka kujua wakiwa bado kwao ni namna ya kufika: kutoka stesheni kupitia Changamwe, Makupa na daraja la Nyali ni mwendo gani, matatu hadi wapi, teksi isizidi ngapi, na ukishuka usiku je? Ukurasa mmoja unaojibu hayo, ukiwa na picha ya geti lako na kisha bei ya chumba, utakuletea watu kuliko mashairi yote ya bahari. Utahitaji kuusahihisha nauli zikibadilika. Ndiyo kazi yenyewe.

Muuza leso ana hazina ambayo wengi hawajaigusa, nayo ni majina. Kila jina la leso ni maneno ambayo mtu fulani anayatafuta, kwa sababu aliyaona kwa jirani au anataka ya kumjibu mtu. Yaandike kwa herufi chini ya kila picha, maana mtu akitafuta kwenye Google, maneno yaliyomo ndani ya picha pekee hayakusaidii sana. (Wenye K.H.E., watengenezaji wa leso, waliliona jambo hili kabla ya intaneti: waliandika "Mali ya Abdulla" kwenye pindo la leso yenyewe, na mpaka leo mtu huigeuza kuitafuta kabla ya kutoa pesa.)

Lugha ya kuandikia? Tazama anayenunua. Mahamri, madera, fundi friji: Kiswahili, tena kile cha hapa. Vyumba na safari za Mji wa Kale: Kiingereza kitangulie, na wageni wako wakiwa Wajerumani zaidi, mtafute anayekijua Kijerumani akuandikie ukurasa mmoja. Tafsiri ya mashine kwenye tovuti nzima huonekana, na hushusha imani.

Uzito nao. Picha iliyotoka simu ikapandishwa hivyo hivyo huwa na megabaiti kadhaa. Mteja wa bando la shilingi ishirini hatangoja. Ipunguze kabla ya kuipandisha.

Kama una duka la kuendea, huenda huhitaji blogu kabisa mwanzoni. Fungua wasifu wa biashara wa Google, ni bure, uthibitishe, na mara nyingi watakutaka urekodi video ya duka. Kisha nenda wewe mwenyewe, kwa miguu, ukifuata ramani. Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba na alama huweza kukaa mtaa wa pili. Kwenye maelezo ongeza alama ya kienyeji, msikiti, stendi au mbuyu, kwani hapa hakuna anayefika kwa namba ya jengo. Na badilisha saa za kazi Ramadhani. Mtu akivuka feri kwa ajili yako akakuta umefunga wakati Google ilisema uko wazi, ataandika, na maneno yake yatakaa pale miaka.

"Nimelipia tangazo, pesa imeyeyuka"

Kama hesabu yako ya mwanzo ilionyesha kwamba wanaouliza wananunua, basi tangazo lilistahili, na kosa liko kwenye mipangilio. Angalia mawili. Lengo: ukiomba laiki utaletewa wapenda laiki, kwa hivyo chagua ujumbe. Eneo: wengi huacha Kenya nzima, kisha Eldoret inauliza bei ya samaki wa kupaka. Wengine huchora duara kuzunguka kisiwa na kuridhika, lakini upande mmoja wa duara hilo ni Bahari ya Hindi na upande mwingine ni Likoni usikopeleka. Weka alama kwenye mitaa unayofikia kweli na uiondoe ile usiyofikia. Na ulipie posti ambayo tayari imeleta maswali bila kulipiwa. Ile iliyokufa yenyewe haifufuki kwa pesa.

"Ilikuwa ikienda vizuri, ghafla imeanguka"

Usiseme umerogwa. Kwanza tazama kalenda. Ramadhani watu hushika simu baada ya tarawehe mpaka daku, si saa saba mchana ulizozoea. Mvua za masika zikianza, hoteli hupungukiwa na wageni na kila anayewategemea huanguka nao. Ukishaondoa hilo, ingia mipangilio ya Instagram, sehemu ya hali ya akaunti, uone kama umewekewa kizuizi. Kama umekuwa ukipakua video zako TikTok na kuzipandisha Instagram na nembo yao juu, acha: Instagram ilisema tangu 2021 kwamba hazipi kipaumbele. Na kama uligeuza akaunti ya TikTok kuwa ya biashara, nyimbo nyingi zinazovuma hukuruhusiwa tena kuzitumia, ndipo video zikabaki bila sauti.

"Siwezi kuingia kwenye ukurasa wangu"

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni wizi: mtu alikuandikia kama mteja, au kama "msaada wa WhatsApp", akaomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako, ukampa. Jisajili upya WhatsApp mara moja kwenye simu yako kwa namba ile ile, mwizi atatolewa. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, na uwajulishe wateja kwa njia nyingine kabla hawajaombwa pesa kwa jina lako.

Ya pili ni ya kujitakia na ndiyo nyingi zaidi. Ukurasa ulifunguliwa na kijana aliyekuwa dukani, kwa barua pepe yake na namba yake, naye sasa yuko Qatar. Ukiwa bado unasikilizana naye, mwandikie leo akuongeze kama msimamizi mwenye mamlaka kamili, hakikisha umeingia, halafu umtoe. Fanya vivyo hivyo kwa wasifu wa Google na kwa anwani ya tovuti, kwani jina la .co.ke likiwa limesajiliwa kwa jina lake, ni yeye atakayepokea ujumbe wa kulilipia mwaka ukiisha.